Msiwashauri watazamaji waishie msimu wa saba

Mhariri,

Kila mazungumzo yanapogeukia The Office, tamthilia ya vichekesho ya Marekani iliyorushwa na NBC kuanzia mwaka 2005 hadi 2013, hakosi mtu wa kumshauri mtazamaji mgeni kwamba aifuate mpaka msimu wa saba, pale Steve Carell, mwigizaji wa mhusika mkuu Michael Scott, anapoaga, kisha aachie hapo. Ushauri huo nimeusikia kwa watu ninaowaheshimu na kwa wachambuzi wanaoijua kazi yao. Mimi ni mpenzi wa tamthilia hiyo tangu zamani, na mengi wanayoyalalamikia nayakubali, lakini hukumu yao siikubali. Naomba nafasi nieleze sababu.

Michael Scott, meneja wa tawi la Scranton la kampuni ya kuuza karatasi, alikuwa mhimili wa kila kitu. Alikuwa mtu wa kuudhi, bingwa wa kusema lisilosemeka, na bado nyuma ya maneno yake yote tuliona kiu ya kupendwa ambayo Carell aliweza kuionyesha kwa macho tu. Katika msimu wa tatu, Pam, mpokezi wa ofisi, anatundika michoro yake kwenye maonyesho ya darasa lake la sanaa, na karibu wenzake wote wa ofisini hawatokei. Michael anafika amechelewa, anausimamia mchoro wa jengo lao la ofisi, anaomba kuununua, na anamwambia Pam kwa dhati kwamba anajivunia kuwa naye. Dakika zile chache zilitufanya tumsamehe mengi. Kwa hiyo alipoondoka, katika sehemu iliyorushwa tarehe 28 Aprili 2011, pengo halikuwa la mchekeshaji peke yake, kwa maana wafanyakazi wote wale walikuwa wamejengwa kwa namna kila mmoja alivyomvumilia.

Watayarishaji walihangaika kuliziba pengo hilo, na mahangaiko hayo yanaonekana. James Spader aliletwa kuwa Robert California, bosi mpya wa kampuni, mtu wa sauti nzito na kauli za mafumbo. Kwa sehemu chache alisisimua, kisha ikawa dhahiri kwamba waandishi wenyewe hawajaamua huyu ni nani na anataka nini.

Linaloniuma zaidi, hata hivyo, ni yaliyompata Andy Bernard. Mwanzoni mwa msimu wa nane, akiwa meneja mpya asiyejiamini, anawaahidi wafanyakazi kwamba wakifikisha pointi za kutosha, zile wanazopewa kwa kazi nzuri, atakubali kuchorwa tatuu makalioni. Nao wanachanga pointi zao kwa pamoja, wanaandamana naye hadi kwa mchoraji, na anaitimiza ahadi yake huku akiogopa waziwazi. Sehemu ile ilinipa matumaini makubwa, kwa sababu ilituonyesha meneja wa aina nyingine kabisa, ambaye watu wanamfuata kwa kumwonea huruma na kumpenda. Lakini waandishi hawakuifuata njia hiyo. Kabla msimu haujaisha, Andy anatoka kazini bila kuaga na kwenda Florida kumfuata Erin, mfanyakazi mwenzake anayempenda, na Nellie, mgeni kutoka kampuni mama, anaingia tu na kukikalia kiti chake bila yeyote kumzuia kwa maana. Msimu unaofuata ukawa mbaya zaidi: anasafiri na boti ya familia kwa muda wa miezi mitatu, na anaporejea ni mtu mkali, mbinafsi, asiyejali alivyomwacha mpenzi wake. Najua kwamba Ed Helms, mwigizaji wa Andy, alihitajika kwenye upigaji wa filamu nyingine, na mwigizaji hawezi kuwa mahali pawili kwa wakati mmoja. Lakini mhusika anaweza kusafirishwa bila kuvunjwa utu wake, na Andy alivunjwa.

Hayo yote nayakiri, na bado nasema anayeishia msimu wa saba anajinyima jambo kubwa. Toleo asilia la Uingereza la Ricky Gervais na Stephen Merchant, lililoanza BBC mwaka 2001, lilikuwa na misimu miwili ya sehemu sita sita pamoja na vipindi maalumu vya Krismasi, na hadithi yake ya mapenzi ilikoma pale wapendanao walipopatana. Huo ni mwisho mzuri, na ndio mwisho wa hadithi nyingi za mapenzi katika vichekesho. Toleo la Marekani liliwaozesha Pam na Jim, muuzaji wa ofisi hiyo, katika msimu wa sita, kisha likaendelea kuishi nao muda wa kutosha hata likaweza kuuliza ndoa yenyewe inakuwaje mapenzi yakishakuwa mazoea ya kila siku.

Jibu lilikuja katika msimu wa tisa, baada ya Greg Daniels, mwanzilishi wa toleo hilo, kurudi kuuongoza. Jim anajiingiza katika biashara mpya ya michezo huko Philadelphia, na mwanzoni hamshirikishi mkewe. Pam anabaki Scranton na watoto. Siku moja wanagombana kwenye simu kwa sababu Pam hakufanikiwa kurekodi ngoma ya binti yao ambayo Jim ameikosa. Simu inakatika, Pam analia, na mmoja wa kikosi cha kurekodi (kwani tamthilia imetungwa kana kwamba ni filamu ya kweli kuhusu ofisi hiyo), watu ambao kwa miaka yote hiyo hatukuwahi kuwatazama usoni, anaingia ndani ya picha kumfariji. Wapenzi wengi wa tamthilia walikasirika, wakasema wameharibiwa wanandoa wao. Mimi naona ndilo tendo la ujasiri kuliko yote waliyoyafanya waandishi wale, ingawa sikupenda jinsi walivyomwondoa yule mtu kwa haraka baadaye, kana kwamba wenyewe walijitisha. Baadaye katika msimu huo huo, Jim anatoka kwenda kupanda teksi na Pam anamkimbilia na mwavuli aliousahau. Jim anamkumbatia, na mikono ya Pam inabaki imening'inia kwa sekunde kadhaa kabla haijamshika mumewe. Hakuna kitu katika misimu ya mwanzo kinachoweza kubeba uzito huo, kwa kuwa unahitaji miaka nyuma yake.

Dwight, muuzaji mwenzake Jim, naye alihitaji miaka hiyo. Katika sehemu ya kwanza kabisa, Jim anaizamisha stepla yake ndani ya jeli, na tangu hapo hawaachani kwa vituko. Katika sehemu ya mwisho, Dwight akiwa meneja hatimaye, anakataa kuwaacha Jim na Pam wajiuzulu na badala yake anawafukuza kazi, makusudi, ili walipwe kiinua mgongo. Carell anarudi kwa dakika chache katika sehemu hiyo na kusema maneno machache, na uchache huo ulikuwa heshima kwa wenzake waliobaki kuibeba kazi.

Ningewaomba wachambuzi wa gazeti lako, watakapoulizwa tena, wamruhusu mgeni kuipita haraka nusu ya pili ya msimu wa nane, hasa tangu Nellie anapokikalia kiti cha Andy, lakini wamhimize asiruke hata sehemu moja kuanzia ile ya ugomvi wa kwenye simu hadi mwisho.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi