Picha ya moyo ikififia, usikimbilie mashine mpya

Probu ya altrasaundi, yaani kile kishikio kinachowekwa mwilini kuchukua picha, ilitufikia hapa karakanani Wandegeya, Kampala, kwa basi la usiku kutoka Arua, imeviringishwa taulo ndani ya boksi la sabuni. Daktari aliyeituma alitupigia simu: "Fundi, moyo nauona kama uko kwenye ukungu, lakini mstari mweusi sioni. Nimeambiwa mashine imezeeka, ninunue nyingine." Tukaiweka kwenye kipimo. Kati ya fuwele 64, vile vipande vidogo vinavyotoa sauti na kupokea mwangwi wake, 11 zilikuwa kimya.

Mbona basi hakuona mstari? Probu ya tumbo, ile yenye uso wa duara, huchora kila sehemu ya picha kwa kundi dogo la fuwele zilizo juu yake. Zikifa chache, kivuli, yaani ule mstari mweusi, kinashuka kuanzia ngozini, na mkunga anakiona siku hiyohiyo. Probu ya moyo haiko hivyo. Uso wake ni mdogo ili ipate kupiga katikati ya mbavu, na kupitia upenyo huo lazima ifagie moyo wote. Ndani hamna mota ya kuigeuza. Fuwele zote hupiga kwa kila mwale wa sauti, ila kwa kupishana.

Nenda Ggaba, kando ya Ziwa Victoria, jioni, upange watoto kwenye ukingo wa gati, kila mmoja na jiwe lake. Wakidondosha pamoja, wimbi linakwenda mbele moja kwa moja. Akianza wa kushoto, wenzake wakafuatia mmoja mmoja, wimbi linakwenda mshazari kuelekea kulia, upande wa aliyechelewa. Fuwele nazo hupishana kama watoto hao. Sauti mwilini husafiri karibu mita 1,540 kwa sekunde. Fuwele zikipangwa milimita 0.22 kutoka moja hadi nyingine, kuupinda mwale digrii 30 kunataka kila moja ichelewe nanosekunde 70 hivi baada ya jirani yake. Mjerumani Ferdinand Braun alielekeza mawimbi ya redio kwa njia hii mwaka 1905, na sahani bapa za intaneti ya satelaiti hufanya vivyo hivyo leo.

Sasa fuwele 11 zikinyamaza, pengo liko katika kila mwale. Nguvu inapungua picha nzima, na miale ya pembeni inakua, ikirudisha mwangwi wa vitu ambavyo haviko pale. Valvu ya moyo isiyo na ugonjwa inaweza kuonekana nene. Hili linatunyima usingizi, maana mgonjwa anaandikiwa majibu kwa picha hiyo.

Kabla hujatoa pesa, chomeka probu nyingine. Picha ikiwa safi, kuna uwezekano mkubwa mashine yako ni nzima. Tuletee ile mbovu. Tunapima fuwele moja moja na kukupa karatasi ya majibu, hata kama hutatengeneza kwetu. Lenzi, ule mpira unaofunika uso wa probu, ikiwa imepasuka, acha kuitumia kabisa: umeme unaweza kumfikia mgonjwa, na uchafu unajificha mle.

Ile ya Arua, fuwele zake zilikuwa hai. Kila moja ina waya wake mwembamba kama unywele, na nyaya 11 zilikatika pale gurudumu la mashine lilipokuwa likipita juu ya kebo. Tulibadilisha kebo tu. Kwa hiyo ukituma yako, viringisha kebo kwa upana wa sahani ya chakula, usiipige kona, na uso wa probu uufunge kwa kitambaa laini baada ya kufuta jeli yote.