Wito wa Harambee: Paa la Ukumbi wa Mji Mdogo

Ndugu wazazi, walimu, wanafunzi wa zamani na wapenzi wote wa maigizo,

Kwa heshima, na kwa aibu ambayo hatutaificha, kamati ya kikundi cha maigizo cha shule inawaandikia kuomba msaada kwa mara ya pili ndani ya miaka miwili. Mara ya kwanza mlipotununulia kamera na projekta, katibu huyu huyu anayeandika alisimama mbele yenu akatamka kwamba hatutawasumbua tena mpaka kizazi hicho cha wanafunzi kiwe kimemaliza masomo. Projekta bado inawaka vizuri na kamera haina hata mkwaruzo. Kilichotuangusha ni paa lililokuwa juu ya vichwa vyetu siku hiyo hiyo tuliyotoa ahadi.

Wengi mliohudhuria usiku wa mwisho wa onesho la muhula uliopita hamjui kilichotokea, kwa sababu tulikificha, na tena mlikipigia makofi. Inabidi tukieleze sasa, na ili kieleweke kwa wale ambao hawajawahi kufika, tuanze na namna kazi yetu inavyofanyika.

Jukwaani pana meza tatu. Juu yake umejengwa mji wa nyumba 62 za maboksi na kadi, zenye ngazi, madirisha na taa za barabarani, na wanafunzi waliovaa nguo nyeusi huendesha vikaragosi katika mitaa hiyo kwa fimbo na waya mwembamba, huku mwenzao mmoja akipitisha kamera kati ya kuta. Picha inakwenda papo hapo kwenye pazia kubwa lililo nyuma yao. Hakuna kinachorekodiwa mapema. Mtazamaji akiinua macho anaona filamu ya mji wenye ukungu usiku wa manane, na akiyashusha anaona watoto wamekunja migongo, mmoja amelala chali chini ya meza akivuta uzi ili bibi mmoja wa karatasi afungue dirisha. Anachagua mwenyewe wapi atazame, na kwa maoni yangu utamu wa sanaa hii umo katika kule kushindwa kuchagua.

Kipimo cha mji wetu ni 1 kwa 16, maana yake mtu wa sentimita 160 anakuwa kikaragosi cha sentimita 10. Karibu kila kitu hukubali kupunguzwa hivyo: mlango unachongwa kwa sentimita 13, shati la tarishi linashonwa kwa kipande cha leso. Maji peke yake hukataa. Tone hubaki tone, kwa kuwa ukubwa wake huamuliwa na mvutano wa uso wa maji yenyewe, wala halimsikilizi fundi wa mandhari. Tone la milimita 5 likianguka katika mji wetu ni sawa na bonge la maji lenye upana wa sentimita 8 kuwaangukia wakazi wake. Watengenezaji wa filamu wanaotumia mandhari ndogo hupunguza tatizo hili kwa kupiga picha kwa kasi kubwa na kuzionyesha polepole, na kwa kipimo cha 1 kwa 16 kasi hiyo huzidishwa mara 4, kutoka picha 24 kwa sekunde hadi 96, ili kinachoanguka kionekane kuwa na uzito wake. Sisi hatuwezi, maana kilichopo kwenye pazia ndicho kinachotendeka mezani dakika ile ile. Ndiyo sababu bahari yetu huwa ni karatasi ya nailoni inayotikiswa na watu wawili, na mvua, mchezo ukiihitaji, ni nyuzi zinazoning'inizwa mbele ya lenzi.

Usiku ule mchezo haukuhitaji mvua. Mswada ulisema ni usiku wa mbalamwezi, na tarishi anapita nyumba kwa nyumba akitafuta mwenye barua isiyo na jina. Nje mvua ilikuwa imeanza kitambo, lakini muziki uliifunika. Tone la kwanza lilianguka mbele ya ofisi ya posta. Kwenye pazia lilipasuka kama pipa la maji lililotupwa kutoka ghorofani, ukumbi mzima ukashtuka, kisha ukapiga makofi. La pili lilitua juu ya paa la posta, na kadi ikaanza kuvimba polepole mbele ya macho ya watu, kana kwamba nyumba inavuta pumzi. La tatu lilimpata tarishi usoni. Kichwa chake kimetengenezwa kwa karatasi iliyolowekwa katika gundi, na mwanafunzi aliyekuwa akimwendesha alihisi uso ukilainika chini ya kidole chake. Alinong'ona neno moja tu kwa mshika kamera: "Mgongo." Kwa dakika tisa zilizobaki tarishi hakuonekana uso tena; aligonga milango, akasubiri, akaondoka, yote kwa mgongo, na barua ikakabidhiwa gizani.

Baada ya onesho mzazi mmoja alitushika mikono akatusifu kwa uamuzi wa kumgeuza tarishi, akisema amekuwa mtu yeyote na kila mtu. Tulishukuru. Hatukuwa na ujasiri wa kumwambia kwamba pua ya tarishi ilikuwa ndani ya mfuko wa mwendeshaji wake.

Tulifundishwa kwamba haba na haba hujaza kibaba. Kufikia asubuhi ilikuwa imejaza ndoo tatu. Nyumba 41 kati ya 62 zilikuwa zimelowa na kufunguka kwenye maungio kama kitabu kilichosahauliwa uwanjani. Kazi ya miezi saba ya wanafunzi 23 ilianikwa kwenye madawati, na kilichowauma zaidi, nadhani, ni kwamba katika ule mji mdogo kila paa lilikuwa limebandikwa kwa uangalifu, pembe kwa pembe, ilhali watu wazima wenye jukumu la paa kubwa tulikuwa tumeridhika na ndoo.

Fundi aliyepanda juu alitueleza bila kutuonea haya. Mabati yaliyo juu ya jukwaa yanavuja kwenye matundu ya misumari, kwa kuwa mipira inayokaa chini ya vichwa vya misumari imekauka na kupasuka, na lami tuliyopaka mara tatu imebanduka na kuyaelekeza maji kwenye boriti moja ambayo sasa imeoza. Kubandika viraka tena ni kutupa pesa. Mabati ya upande wa jukwaa yabadilishwe, boriti iondolewe, dari iliyooza ishushwe. Na kwa kuwa chini ya dari hiyo zinapita nyaya za taa, kamera na projekta, mkuu wa shule amelifunga jukwaa mpaka kazi hiyo ikamilike, na hakuna mwanakamati aliyethubutu kumpinga.

Tangu hapo watoto wanafanya mazoezi kwenye ukumbi wa kupitia wa madarasa, wenye madirisha pande zote mbili. Mwanga ukiwa mwingi kiasi hicho picha ya projekta hufifia mpaka ikawa kama kivuli cha kivuli, kwa hiyo wanaendesha vikaragosi bila kuona kamera inaona nini. Ni sawa na kumfundisha mtu kushona akiwa amefumba macho. Wametoa stoo ya shule projekta ya zamani ya karatasi za plastiki, ile ambayo walimu waliitumia kabla ya kompyuta, na wanajifunza kucheza vivuli juu ya kioo chake. Si jambo la kudharau. Kikundi cha Manual Cinema cha Chicago, kilichoanzishwa mwaka 2010, kimejijengea jina kwa mashine za aina hiyo hiyo. Hata hivyo nayo inadai giza, na giza tulilo nalo limefungiwa ukumbini.

Wapo waliotushauri kwamba turekodi mchezo mara moja mahali pakavu, kisha tuuonyeshe kama filamu ya kawaida. Ushauri huo ni wa nia njema lakini unaondoa kitu chenyewe. Filamu iliyorekodiwa ingefuta tone la tatu na kumrudishia tarishi uso wake, na mtoto yule asingepata nafasi ya kuamua, ndani ya nusu sekunde na mbele ya watu, kumwokoa kwa kumgeuza mgongo. Wengine wameuliza, kwa sauti ya chini lakini tumewasikia, kama vikaragosi si mchezo wa watoto wadogo usiostahili mabati mapya. Tungewaomba wafikirie kikundi cha Hotel Modern cha Rotterdam nchini Uholanzi, ambacho mwaka 2001 kilionyesha mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia kwa udongo juu ya meza na vitawi vya kotimiri vilivyogeuka kuwa miti mbele ya kamera, huku Arthur Sauer akitengeneza sauti za vita papo hapo. Mwaka 2005 watu hao hao walijaza jukwaa kwa kielelezo cha kambi ya Auschwitz na maelfu ya vikaragosi vya kimo cha sentimita 8, wakapita kati yao na kamera ndogo. Chama cha kimataifa cha wasanii wa vikaragosi, UNIMA, kiliundwa Prague mwaka 1929. Hatujilinganishi na hao. Tunasema tu kwamba meza yenye maboksi inaweza kubeba jambo zito, ikiwa haijalowa.

Tunachoomba kwanza, basi, ni paa la upande wa jukwaa: mabati, boriti, dari na ufundi wake. Paa likikamilika na pakibaki chochote, tutanunua taa mbili zenye nguvu. Sababu yake ni ya kiufundi, lakini kila mtazamaji wetu ameiona bila kuijua: lenzi ikisogezwa karibu sana na kitu, eneo linaloonekana kwa ukali huwa jembamba, nyumba za nyuma zinageuka ukungu na mji unajiumbua kwamba ni wa kuchezea. Dawa yake ni kubana tundu la lenzi, na tundu likibanwa huhitaji mwanga mwingi. Balbu tunazotumia sasa humemeta mbele ya kamera na kuchora mistari kwenye pazia. Kamera ya pili, ambayo ingetuwezesha kuandaa meza moja wakati nyingine inaonekana badala ya kuwaacha watazamaji gizani kila mandhari inapobadilika, tumeiweka mwisho kabisa, na tumewaambia watoto hivyo.

Makadirio kamili ya fundi yamebandikwa kwenye mlango wa ukumbi, nasi hatutayarudia hapa. Kila mchango, wa fedha au wa vifaa, utakatiwa risiti siku ile ile. Malipo yote yatatolewa kwa saini tatu, ikiwemo ya mzazi asiye mwanakamati. Na mweka hazina atabandika hesabu kwenye ubao wa matangazo ndani ya siku 14 baada ya kazi kukamilika. Wenye ujuzi wa kuezeka wanaoweza kutoa siku moja ya mikono yao tunawahesabu kuwa wachangiaji sawa na wengine. Meza tatu tulizo nazo zilitengenezwa bure na mzazi mmoja seremala, na hakuna hata moja iliyoyumba siku ile.

Kuhusu harambee iliyopita, daftari la ahadi bado lipo. Lina majina 11 ambayo hayajawekewa alama ya kulipwa, na baadhi yake yaliandikwa kwa herufi kubwa sana. Kamati imekubaliana kutoyasoma hadharani. Tunawafahamisha wahusika tu kwamba daftari litakuwa juu ya meza karibu na mlango, likiwa limefunguliwa ukurasa huo, pamoja na kalamu.

Harambee itafanyika Jumamosi ya mwisho ya muhula huu saa nane mchana, ndani ya ukumbi, upande ambao hauvuji, kwa idhini ya mkuu wa shule. Tunatamani mchezo wa tarishi urudi jukwaani tarehe 21 Machi, Siku ya Vikaragosi Duniani, na fundi amethibitisha kwamba muda unatosha iwapo mabati yatapatikana kabla ya mvua kurejea. Mwenyezi Mungu awazidishie kwa mliyokwisha kututendea, na atusamehe kwa kuja tena haraka hivi.

Mtakapoingia mtampokea, au tuseme atawapokea, tarishi mwenyewe, ambaye amekauka sasa. Wanafunzi walipiga kura wakakataa kumbandika pua. Atakuwa amesimama mlangoni kando ya daftari, ametazama mbele, na mfuko wake wa barua umepanuliwa ili utoshe bahasha ya kawaida.

Katibu,
kwa niaba ya kamati ya kikundi cha maigizo