Barua kwa Idrisa, mtoano wa hoki ya barafu ukianza

Edmonton, Aprili

Idrisa mwanangu,

Sisi huku wazima. Presha ya baba yako imeshuka kidogo, na theluji ya uani imebaki vipande vipande. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unaniitikia "sawa Mama" kabla sijafika mwisho wa neno. Dada yako kanipenyezea kwamba mwaka huu umejiandaa na mtoano kwa mambo mawili: jezi mpya ya Oilers, timu yetu ya hapa Edmonton, na fedha uliyoingiza kwenye akaunti ya kubeti. Jezi sina neno nayo. Hiyo fedha ndiyo inayoninyima usingizi.

Ratiba umeiona? Raundi ya kwanza inaangukia wiki zile zile za mitihani yenu. Mechi ikianza hapa saa mbili usiku, huko Toronto ni saa nne. Vipindi vitatu, mapumziko mawili, matangazo ya biashara, unajikuta saa saba kasorobo. Na hapo ni kama kuna mshindi. Msimu wa kawaida wakitoka sare kuna zile dakika 5 za watatu kwa watatu, kisha mikwaju, watu wakalale. Kwenye mtoano hakuna hayo. Ni kipindi kamili cha dakika 20, watano kwa watano, kikiisha bila goli kinafuata kingine. Cha kwanza tu kikipita patupu kwako ni saa nane kasorobo. Carolina na Florida mwaka 2023 walifika kipindi cha nne cha nyongeza. Mtihani wa saa tatu asubuhi utaufanya na akili ipi?

Basi tazama, kama lazima utazame. Lakini mkeka usiuweke, na timu yako ndiyo kabisa usiiguse.

Moyo wa shabiki una kazi tayari. Watafiti wa Montreal waliwapima mapigo ya moyo mashabiki wa Canadiens, timu ya mji wao, wakachapisha matokeo mwaka 2017. Aliyetazama kwenye televisheni mapigo yake yalipanda kwa asilimia 75, aliyekuwa uwanjani asilimia 110, na yalipaa zaidi kwenye nafasi za goli na muda wa nyongeza. Hao ni watu waliokaa kitini. Ongeza juu yake kodi ya Mei ya chumba chako uliyoiweka kwenye beti, halafu uniambie unapumulia wapi.

Tena ukiuangalia vizuri mfululizo wa mechi saba, ambao wa kwanza kushinda nne ndiye anayepita, utaona kiasi anachobeti mtu kinafuata moyo wake, wala hakifuati hesabu. Timu ikipoteza mbili za mwanzo anakata tamaa, anaweka kidogo au anahama. Mwaka 2025 Kings wa Los Angeles walituongoza kwa mechi 2-0, tukashinda nne mfululizo. Ikishinda tatu mfululizo anaamini imeandikwa, anamimina kila alicho nacho. Fainali ya 2024 unaikumbuka. Florida wakaongoza kwa mechi 3-0, mji mzima ukanywea, na kwa kweli mtu alikuwa ameshazoea msiba. Kisha tukashinda 8-1. Kisha 5-3. Kisha 5-1. Usiku wa mechi ya saba hapakuwa na mtu Edmonton aliyekuwa na shaka, na ndipo tukafungwa 2-1. McDavid, nahodha wetu, akapewa tuzo ya mchezaji bora wa mtoano, akiwa na pointi 42, hata kuifuata kwenye barafu hakutoka. Nakuuliza wewe: usiku gani watu waliweka fedha nyingi zaidi, wa mechi ya nne au wa mechi ya saba?

Na usinijibu kwamba unaujua mchezo. Najua unaujua. Unaona mabeki wakichelewa kubadilishana kabla ya mtangazaji hajaona, na hilo najivunia. Lakini kuujua mchezo hakukufanyi uiongoze paki. Ni kipande cha mpira cha gramu 170 hivi, kinagonga kiatu cha beki wako mwenyewe kikaingia. Timu inaweza kupiga mashuti 40 dhidi ya 20 ikafungwa na kipa aliyeamka vizuri siku hiyo. Majeraha nayo yanafichwa. Mtoano ukianza makocha wanasema tu "sehemu ya juu ya mwili" au "sehemu ya chini", basi, mbavu au goti hutajua. Mwaka 2006 tulifika fainali tukibebwa na Roloson golini, akaumia mechi ya kwanza tu, mfululizo ukaenda mpaka mechi ya saba tukaukosa. Hilo ungelijua vipi asubuhi yake?

Sasa hesabu, maana wewe ndiye mhandisi mtarajiwa na ada tunalipa. Timu mbili zinazolingana, kampuni inakupa odi, yaani malipo kwa kila dola unayoweka, ya 1.91 kila upande. Gawanya moja kwa 1.91: unahitaji kupatia asilimia 52.4 ili usipate wala usikose. Huo ni mkeka wa chaguo moja. Ukiunganisha chaguo tano kwenye mkeka mmoja, dola 10 inakulipa kama 254, wakati malipo ya haki yangekuwa 320. Kila mstari unaoongeza wanakukata tena, na ndiyo maana matangazo yao yote ni ya mikeka mirefu.

Soma pia maandishi madogo. Kuna beti ya mshindi wa mechi, inayohesabu muda wa nyongeza, na kuna ya dakika 60 za kawaida tu, ambayo sare nayo ni chaguo. Ya pili odi yake inavutia. Draisaitl wetu alifunga magoli manne ya muda wa nyongeza katika mtoano wa 2025, rekodi hiyo. Mwenye beti ya dakika 60 kwa Oilers usiku kama ule anashangilia goli huku mkeka umeshachanika. Kubeti mechi ikiendelea ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu picha ya intaneti inachelewa sekunde kadhaa nyuma ya uwanja. Wewe unaona nafasi, wenzako wameshaona goli.

Kama hutanisikia, na nakujua, basi ingia kwenye akaunti yako leo, kabla ya mechi ya kwanza, uweke kikomo cha fedha unayoingiza kwa wiki. Majukwaa yaliyosajiliwa Ontario yote yana sehemu hiyo. Usisubiri kuweka baada ya kufungwa, maana ukifungwa hutakitafuta kikomo, utatafuta kurudisha. Ondoa kadi ya benki iliyohifadhiwa humo. Wakiongoza wengine kwa moja na sisi tumemtoa kipa tuongeze mshambuliaji, sita kwa watano, dakika mbili zimebaki, simu iwe chumba kingine. Uoshe vyombo mwanangu, hiyo sinki yako nimeiona kwenye video.

Najua utasema nani alikuvika jezi ukiwa na miaka mitatu. Hilo tutaliongea siku nyingine.

Baba yako nimemwambia mechi za ugenini asikilize redioni tu. Hajakubali. Bibi yako naye anapiga simu kutoka Tanga akiamka kuswali alfajiri, saa kumi na moja yao, ndiyo saa mbili yetu, paki inadondoshwa mechi ianze, na baba yako anamwitikia "eeh, eeh" bila kusikia kitu. Mpigie wewe mchana, anakuulizia, na usimwambie habari za fedha.

Tairi za baridi za gari lako bado hazijatolewa; fundi anasema mbili za mbele zimekwisha, za msimu ujao utachangia nusu. Nimemfungia mama mwenye nyumba wako dagaa na unga wa muhogo, kifurushi kitafika Jumanne, uwepo upokee. Nitumie tarehe ya mtihani wa mwisho nikate tikiti ya ndege kabla bei haijapanda, na unitumie picha ya hicho kikomo ulichoweka, yenye tarehe inayoonekana.

Mama yako