Barua kwa Mwanangu Anayetaka Kuzalisha Chatu

Mwanangu mpendwa,

Barua yako na hesabu ulizoambatisha nimezisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi, na nashukuru kwamba umeniuliza kabla hujatoa fedha. Hapa Kisauni jirani akisikia kwamba mtoto wa mtu anafuga chatu chumbani huko Ohio, Marekani, atasema amerogwa, lakini mimi nyoka hawanitishi. Kinachonitisha ni ule mstari wa mwisho wa karatasi yako, pale ulipoandika kwamba majike 5 watakupa makinda 30 kila mwaka.

Chatu hawa wadogo wenye asili ya nchi kama Ghana, Togo na Benin, wanaojikunja kama mpira wakiogopa, si kuku wa mayai. Jike hupandishwa akishafika takriban gramu 1,500, uzito ambao kwa kawaida humchukua kama miaka 3, na hata akishaufikia anaweza kupitisha mwaka mzima bila kutaga. Mayai 6 ni wastani tu, na mengine huharibika kabla ya zile siku 60 za kuatamiwa kwisha. Kwa hiyo nimefuta 30 nikaandika 15, na bado naona nimekupendelea. Muda wote huo wanakula: kwa bei yako ya dola 3 kwa panya mmoja aliyegandishwa, nyoka 6 waliokomaa (majike 5 na dume mmoja) wakilishwa kila baada ya siku 10 ni kama dola 650 kwa mwaka, kabla hatujagusa umeme wa kuwapasha joto, themostati ya kudhibiti joto hilo, na daktari wa wanyama anayewajua nyoka, ambaye umesema yuko mwendo wa saa nzima kutoka kwako.

Makinda nao kila mmoja anataka kisanduku chake, na wako wanaokataa kula kwa wiki kadhaa baada ya kujivua gamba la kwanza. Posta ya Marekani haipokei nyoka, kwa hiyo kila mauzo ya mbali yatahitaji kampuni ya usafirishaji wa usiku mmoja, na kwa chatu wa rangi ya kawaida nauli inaweza kukaribia bei ya nyoka mwenyewe.

Hapo kwenye rangi, unapotegemea kwamba chatu wa rangi adimu watauzwa ghali, ndipo ninapokuomba utulie. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 chatu albino waliuzwa kwa maelfu ya dola kwa sababu walikuwa wachache, lakini sifa inayorithiwa haifungiwi kabatini: kila aliyemnunua mmoja alimnunua ili azalishe, na bei ikaporomoka. Unakumbuka kware wangu? Mwishoni mwa 2013, Kenya nzima ilipokuwa ikisaka mayai ya kware, nilinunua ndege 200 na mashine ya kuangulia kwa fedha ya kiinua mgongo. Wateja wangu wa kwanza hawakuwa walaji, walikuwa wafugaji wapya kama mimi, nami sikuliona hilo mpaka 2014, wateja hao walipokuwa wamejaa mayai yao wenyewe na mimi nikawa nagawa trei msibani. Ile mashine bado iko chini ya ngazi, imewekewa ndoo ya mkaa.

Jambo la kodi ni fupi. Ukipata faida katika miaka 3 kati ya 5, mamlaka ya kodi ya huko kwa kawaida itakuchukulia kuwa mfanyabiashara. Ikikuona unajifurahisha tu, utatangaza mapato yote lakini hutaruhusiwa kuyatoa matumizi. Weka risiti, hata ya panya.

Sikukatazi. Ukitaka kufuga wawili kwa sababu unawapenda, hiyo ni starehe yako na ina bei yake. Ila kabla hujatuma arubuni ya yule dume wa dola 900, nitumie bili zako za umeme za Desemba na Januari, kisha uulize bei ya dume wa rangi hiyo hiyo ilikuwa ngapi miaka 3 iliyopita.

Mama yako