Ulinzi wa watoto wetu wenye mzio wa chakula

Wazazi na walezi wenzangu, hamjambo.

Baada ya mama mmoja kutueleza jinsi mwanawe alivyovimba midomo na kushindwa kupumua kwa sababu ya kitafunio chenye njugu alichopewa na rafiki darasani, nimeona tuyajue yaliyo katika sheria kabla ya kukutana na mwalimu mkuu siku ya Ijumaa.

Kifungu cha 53 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya lishe na huduma ya afya, na kinaagiza kwamba maslahi yake yapewe uzito wa kwanza katika kila jambo linalomhusu. Sheria ya Watoto ya 2022 inasisitiza hayo hayo. Maneno hayo ni mapana. Nchini Uingereza, sheria ya 2014 inazitaka bodi za shule za umma ziweke mipango ya kuwasaidia wanafunzi wenye maradhi, na hilo ndilo ningependa tuliombe hapa.

Tuombe mpango ulioandikwa kwa kila mtoto, unaotaja chakula kinachomdhuru, dalili za mwanzo, mwalimu atakayemdunga adrenalini (dawa ya dharura ya mzio mkali), na mahali sindano inapowekwa, pasipofungwa kwa kufuli, kwa kuwa vidonge vya mzio havitoshi pumzi inapobana. Mpishi naye ahusishwe, maana mwiko uliokoroga mchuzi wa njugu ukitumbukizwa kwenye githeri unatosha kuleta madhara.

Mwenye barua ya daktari, tafadhali anitumie nakala faraghani kufikia Jumatano jioni.