Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: mwaka wa betri, maiki na vifaa vya kukodisha

Asalam aleykum na Bwana Yesu asifiwe wanachama wenzangu wa chama chetu cha kurekodi sauti na kukodisha vifaa, wa Mtwara mjini, Mikindani, Newala na Masasi, na nyie wa Lindi na Nachingwea mliojiunga mwaka huu, poleni na majukumu. Taarifa hii nimeiandika mwenyewe sikumpa katibu, kwasababu kuna jambo moja nataka lifike kwa kila mtu vile nilivyoliona mimi, mahesabu ya pesa mtayapata kwa mweka hazina siku ya mkutano na karatasi zake zote.

Jambo lenyewe ni umeme. Sio ule wa ukutani, nazungumzia huu tunaobeba kwenye begi. Kazi zilizotuharibikia mwaka huu karibu zote hazikuharibika kwa ubaya wa maiki wala rekoda, ziliharibika kwasababu betri iliisha mahali ambapo hapana duka.

Mwezi wa saba tulipanda uwanda wa Makonde, kijiji kimoja upande wa Newala, kumrekodi bibi mmoja anaejua nyimbo za kutwangia za zamani, zile ambazo mabinti wa siku hizi hawazijui kwasababu mashine ya kusaga ipo. Tulikuwa tumeomba nafasi kwake wiki mbili nzima kupitia kwa wajukuu zake. Siku ilipofika kila kitu kilikaa sawa, kinu kipo, wenzake wawili wa kuitikia wapo, upepo umetulia. Rekoda ikazima dakika ya 40. Tukabadilisha betri, kufungua faili tunakuta sifuri, kwasababu rekoda nyingi zikikatika katikati zinakuwa hazijafunga faili, sauti inabaki kwenye kadi imetawanyika bila kichwa wala mkia. Tukamwomba bibi arudie. Akasema ameshaimba, moyo umetulia, nyimbo zile haziimbwi mara mbili siku moja, tuje mwakani mahindi yakikauka. Nilikaa kwenye gari njia nzima mpaka Mtwara sina neno la kuwaambia vijana.

Kosa lilikuwa langu. Betri zilinunuliwa njiani, zile za kawaida za redio na saa ya ukutani. Redio inakula umeme kidogo kidogo ndo mana inadumu nazo, rekoda ikishawashiwa volti 48 za kulisha maiki mbili inavuta kwa nguvu, na betri zile haziwezi kutoa kwa kasi hiyo hata zikiwa mpya kabisa.

Baada ya hapo nilikaa chini na kalamu, na hesabu hii naomba kila anaetoka na kifaa cha chama aijue kichwani. Chukua rekoda inayokula wati 5 na maiki zake. Betri 4 ndogo za kuchaji aina ya Eneloop, kila moja volti 1.2 na kama milliampea 1900 (mAh), zikijumlishwa zinakupa watisaa 9 tu, yani wati 9 kwa saa moja, kwahiyo hata masaa mawili hufiki. Betri moja ya Sony ya kuchomeka mgongoni mwa rekoda aina ya NP-F970, volti 7.2 na milliampea 6600, inakupa watisaa 47, hapo una masaa kama 9. Pawabenki ya milliampea 20,000 ukiihesabu kwa volti 3.7 ya ndani ni watisaa 74, toa kinachopotea njiani kwenye kubadilisha volti bado unarekodi kutwa nzima. Ndo mana kamati iliamua kwamba betri ndogo kuanzia sasa ni za akiba, kazi inafanywa na betri kubwa au pawabenki. Rekoda yetu ya Zoom F6 inapokea zote tatu, betri ndogo 4, NP-F, na waya wa USB-C, na mimi naona hiyo ndo sababu kubwa ya kuipenda kuliko hata sauti yake.

Ila pawabenki nazo zina tabia zake. Ukichomeka kirekoda kidogo kinachokula umeme mdogo sana, nyingine zinadhani hakuna kitu kimechomekwa zinajizima zenyewe baada ya muda, jaribuni nyumbani saa nzima kabla hamjaiamini. NP-F feki zimejaa kila mahali, zinaandikwa milliampea nyingi lakini ukishika mkononi nyepesi kama sanduku tupu, ipime kwenye mzani wa duka pembeni ya ile original yetu iliyoko stoo. Na wanaosafiri kwa ndege kwenda Dar, betri za akiba na pawabenki mnapanda nazo mkononi, haziingii kwenye begi la chini, na kisizidi watisaa 100 kwa kimoja bila ruhusa ya shirika.

Betri ndogo za kuchaji tumezifungia nne nne kwa mpira na namba, seti namba 1 haichanganywi na seti namba 2, kwasababu moja ikiwa chovu inawaangusha wenzake watatu. Chaja tuliyonunua inachaji kila betri peke yake na inaonyesha ipi imechoka, zile chaja za kuchaji mbilimbili mziache.

Vijijini kwenye sola, chajini mchana na mrekodi kwa betri, msirekodi huku waya umechomekwa kwenye inveta, maana inveta za bei rahisi zinatoa umeme wa ngazi ngazi na ule mlio wa zzzz unaingia kwenye sauti, hautoki. Hivyo hivyo kwenye harusi, ukichukua sauti kutoka kwenye miksa ya mtu wa spika, rekoda yako iwe inakula betri, ukichomeka kwenye soketi ya ukutani mnaunganisha waya mbili za ardhi (erthi) na utarudi na mvumo usiku mzima. Jenereta iwekwe mbali upande upepo unakoelekea, hili mnalijua lakini bado mwaka huu tumelisikia kwenye kazi mbili.

Sasa kuchagua vifaa. Wengi mlipiga kura tununue maiki nyingi za bei nafuu na mimi nilipinga, nashukuru mkanisikiliza ingawa tulivutana. Sisi tuko pwani. Maiki nyingi za kondensa, zile zinazotaka umeme, zina volti iliyolala kwenye kapsuli, kile kichwa kinachopokea sauti, hewa ya chumvi na unyevu wa Mikindani ikiingia pale chaji inavuja ndo unasikia kwa-kwa-kwa kama mtu anakaanga dagaa. Sennheiser MKH 416 na ndugu zake wa MKH zinafanya kazi kwa masafa ya redio ndani yake, hazitegemei ile chaji ya volti kubwa, kwahiyo unyevu hauzisumbui kivile. Ni ghali, kweli, na haina sehemu ya betri lazima rekoda iilishe volti 48. Kwahiyo tumenunua moja iliyotumika, pembeni yake tuna maiki nyingine ya Sennheiser, MKE 600 inayokubali betri moja ndogo au volti 48, hiyo ndo ya kuwapa wanaokuja na kamera isiyolisha maiki. Na Shure SM58 mbili za kawaida, zile zinazotengenezwa toka 1966, hazitaki umeme wowote na unyevu haziujali, hakuna begi linalotoka bila moja. Siku kila kitu kimekufa utapata sauti ya mtu japo kwa kumsogezea mdomoni.

Rekoda za biti 32 za kuelea, zile zinazoshika sauti ndogo na kubwa bila kupasuka, zimetusaidia sana kwenye ngoma. Sindimba inaanza taratibu alafu ngoma zote zinaingia kwa mpigo, zamani mshale ulikuwa unagonga nyekundu na sauti imepasuka tayari, sasa unaishusha ukiwa umekaa mezani. Lakini jamani isije ikawapa uvivu, maiki yenyewe ikizidiwa imezidiwa, na upepo uliopiga kapsuli bila manyoya (kile kifuniko cha kuzuia upepo) hauna dawa. Upepo wa kusi kule juu Newala sponji peke yake haitoshi, valisheni manyoya. Ukubwa wa faili pia, kilohezi 48 kwa chaneli mbili biti 24 ni kama gigabaiti 1 kwa saa, biti 32 ni kama 1.4, kadi ya 32 inatosha siku nzima ila msiniletee kadi moja kwa safari ya siku tatu.

Maiki za wayalesi, hapa niseme wazi, chama kisinunue tena zilizotumika bila kuangalia masafa. Mtu mmoja alituuzia seti ya Sennheiser ya masafa ya juu ya megahezi 800 na kitu, nzuri kwa macho, kumbe huko juu siku hizi nchi nyingi wameipa mitandao ya simu, simu ya mtu mfukoni inaimba kwenye spika. Masafa ya kutumia waulizeni TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kabla hamjatoa pesa. Na zile ndogo za gigahezi 2.4 kama Rode Wireless GO II zinafaa mahojiano ya watu wawili, betri yake iko ndani inadumu kama masaa 7 na ikiisha imeisha hubadilishi, kwenye ukumbi wenye waifai na simu mia tano kaeni nazo karibu.

Kuna jambo la salfa sijaona mtu wa mikoa mingine akilizungumzia. Kuanzia mwezi wa sita wakulima wanapulizia mikorosho hiyo salfa, vumbi la njano linakaa hewani asubuhi yote. Salfa inakula fedha na shaba, inazipaka weusi, na pini za waya nyingi zimepakwa fedha. Nyaya tatu tulizorudisha kutoka Tandahimba zilianza kukatakata sauti, fundi kufungua pini nyeusi tititi. Sasa hivi waya na maiki zinasafiri kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana na vipakiti vya kunyonya unyevu, na ukirudi shambani unafuta pini kwa kitambaa kikavu kabla hujarudisha stoo. Alafu hizo mashine za kupulizia zenyewe zinasikika mbali sana, mkipanga kurekodi miezi hiyo ongeeni na wenye mashamba kwanza, wanapulizia alfajiri upepo ukiwa umelala, saa nne kunakuwa kimya.

Kukodisha. Mwaka huu tumekodisha kwa watu wa harusi, kwaya, wa kaswida, watengeneza filamu wa kutoka Dar na mashirika yanayofanya makala za korosho na bahari. Tatizo halikuwa wateja kukosekana. Tatizo tulikuwa tunatoa maiki kama mtu anavyoazima jembe, nenda nalo utarudisha. Begi moja tulilipeleka Nachingwea kwa basi kama kifurushi, likafika siku ya pili, mteja kazi yake imepita na pesa tukarudisha, na fimbo ya maiki imepinda, na hakuna aliyepiga picha kabla halijaondoka kwahiyo hatukuwa na cha kudai.

Utaratibu mpya ambao kamati imepitisha ni huu, na naomba msiwape ndugu zenu njia ya mkato. Kifaa hakitoki kimoja kimoja, kinatoka begi zima, yani rekoda, maiki, manyoya, hedifoni, betri kubwa mbili zilizojaa, seti ya akiba na chaja. Anaechukua anavaa hedifoni pale pale mezani anarekodi dakika mbili anasikiliza, anapigwa picha kila kitu kimetandazwa, anasaini daftari. Nusu ya malipo inaingia kwenye simu ya chama mapema, kopi ya kitambulisho cha NIDA inabaki, kadi yenyewe aende nayo. Anaechukua wiki moja tunamtoza siku 4 tu, hii inawapa moyo wanaokwenda mbali. Betri ikirudi haijachajiwa hakuna faini, chaja ziko stoo, lakini isiporudi kabisa analipa bei ya mpya. Na kwa mteja ambae hajawahi kushika rekoda, anaenda na kijana wetu, posho juu ya mteja, maana kifaa kinachopona ni kile chenye mtu anaekijua.

Wateja wa nje wakumbusheni kibali cha Bodi ya Filamu ni juu yao wenyewe. Na kwenye unyago hakuna maiki yetu itakayoingia bila nyakanga mwenyewe, yule kiongozi wa unyago, kukubali, na akisema hapa zimeni, mnazima. Hilo halina mjadala kwenye uongozi wangu.

Kuna kitu nakiwaza sana. Mwaka 1906 Mjerumani anaitwa Karl Weule alipita Lindi, Masasi mpaka Newala na fonografu, akirekodi nyimbo za wazee wetu kwenye mitungi ya nta. Ile mashine ilikuwa inazungushwa kwa springi, hana shida ya betri. Sauti za kwetu zikapanda meli. Leo vifaa viko mikononi mwetu, tunaongea lugha na wazee wenyewe, alafu tunakosa wimbo kwa betri nne za dukani. Hili linaniuma kwakweli.

Mwakani naomba tununue mambo mawili tu, betri nyingine mbili za NP-F original na sola moja ya kukunja kwa ajili ya wanaokaa vijijini zaidi ya siku tatu. Maiki mpya zisubiri. Na tukirekodi tutaweka nakala tatu kila usiku, moja kwa aliyerekodi, moja stoo, na ya tatu apewe mwenye wimbo kwenye simu ya mjukuu wake.

Wenye betri, chaja au kadi za chama majumbani zirudisheni kwa mtunza stoo Chikongola kabla ya mkutano, hata kama zimekufa, atazipima moja moja. Kwa bibi yule nimeshatuma salamu na sukari kilo mbili, amesema mahindi yakikauka atatuita.