Msikisafishe kibati cha askari kabla ya kukisoma

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu vifaa vya kale vya vita nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliisoma kwa furaha, maana ni nadra gazeti kutoa ukurasa mzima kwa mambo haya. Mara ya pili uchungu ulinishika nilipofika pale mwandishi anapomshauri msomaji, ambaye picha ya kibati chake cha utambulisho cha askari mliichapisha, akiloweke kwenye siki, akisugue kwa brashi mpaka king'ae, kisha akitafutie mnunuzi. Nawaomba muutengue ushauri huo. Kibati kile hakikutengenezwa kiwe pambo la shingoni. Kilitengenezwa ili mtu akifia vitani asizikwe bila jina.

Nasema haya kwa sababu mimi mwenyewe nilikaribia kukiharibu kimoja. Kilikuwa ndani ya kopo la misumari na skrubu kuukuu, kimepinda kidogo pembeni, cheusi kwa uchafu. Kilikuwa cha jeshi la Marekani, cha Vita Kuu ya Pili: jina, namba ya jeshi yenye tarakimu nane, T43 44, herufi ya kundi la damu, na herufi P upande wa chini. Hizo T43 44 si tarehe ya kuzaliwa wala ya kufa, kama wengi wanavyodhani. Ni miaka aliyodungwa chanjo ya pepopunda. P ni Mprotestanti. Mkatoliki aliandikiwa C, na Myahudi H.

Jina lilikuwa la kawaida mno, la kupatikana kwa maelfu, kwa hiyo tegemeo langu lote likawa namba. Namba za wakati ule zinasema mambo kwa mtu anayejua kuzisoma. Ikianza na 1, askari alijiunga kwa hiari yake. Ikianza na 3, aliandikishwa kwa sheria ya lazima. Kwa hao wa 3, tarakimu ya pili huonyesha eneo la nchi alikoandikishiwa. Mimi nilisoma 38, yaani upande wa Texas, Oklahoma na majimbo jirani. Nikatafuta huko kwa miezi miwili, nikaandika barua, nikapekua orodha, nisipate kitu.

Jibu lilikuwa kwenye uchafu. Usiku mmoja nilikiweka kibati chini ya taa iliyoinamishwa ubavuni, nikakitazama kwa kioo cha kukuzia. Nikaona kwamba mistari yote iliyogongwa kwa mashine imejaa weusi wa miaka mingi, ila kipande kimoja cha ile 8 ni cheupe. Ulikuwa mkwaruzo tu, tena wa baadaye sana, pengine wa misumari ile ile ya kwenye kopo, nao ndio ulioifunga 6 ikaonekana 8. Namba ilianza na 36: Illinois, Michigan au Wisconsin. Ningekuwa nimekisugua kama mlivyoshauri, mkwaruzo na maandishi vingeng'aa sawasawa, na hadi leo ningekuwa bado natafuta Texas.

Nilipoiingiza namba sahihi kwenye kumbukumbu za uandikishaji za Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Marekani, ambazo zina rekodi kama milioni tisa za watu walioingia jeshini kati ya 1938 na 1946, alitokea mtu mmoja tu. Jina lake lilikosa herufi moja, kwani rekodi hizo zilinakiliwa kutoka kwenye kadi za kutoboa, yaani kadi zenye matundu yanayosomwa na mashine, na makosa ni mengi. Ndiyo maana namba huwa shahidi bora kuliko jina. Mwaka wa kuzaliwa ulikuwepo, na wilaya alikoishi, na kazi aliyoiacha. Kutoka hapo niliingia kwenye sensa ya 1940, kisha ile ya 1950 iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2022, maana sensa za kule hufungwa kwa miaka 72.

Faili lake la jeshi lenyewe halikuwepo. Tarehe 12 Julai 1973 moto uliteketeza ghorofa ya juu ya jengo la kumbukumbu za wanajeshi huko St. Louis, na faili kati ya milioni 16 na 18 zikapotea. Kwa askari wa nchi kavu walioacha jeshi kati ya 1912 na 1960, karibu faili nane kati ya kila kumi ziliungua. Msomaji anayeambiwa "limeungua" asikate tamaa. Hati za malipo ya mwisho zilikuwa zimewekwa mahali pengine, na taarifa za kila asubuhi za vikosi bado zipo. Humo unaweza kumfuata mtu siku aliyougua na siku aliyohamishwa.

Mwandishi wenu alisema pia kwamba askari aliyekivaa kibati "bila shaka alikufa vitani". Hilo nalo si kweli. Wengi walirudi nyumbani, wakakitupia kibati kwenye droo wakakisahau. Wangu alirudi, akaoa, akalea watoto.

Ila vipo vibati ambavyo kweli vilibaki na mwili, na hapo jambo ni zito zaidi. Waingereza walianza na kisahani kimoja tu. Kikishachukuliwa kupeleka taarifa ya kifo, maiti ilibaki haina cha kuitambulisha, na makaburi ya wasiojulikana yakaongezeka. Ndipo mwaka 1916 wakaleta viwili: chekundu cha mviringo cha kuondolewa, na cha kijani chenye pembe nane cha kuachwa na marehemu. Kibati cha Mjerumani wa Vita Kuu ya Pili kina matundu katikati ili kivunjike vipande viwili kwa sababu hiyo hiyo. Hakina jina kabisa. Kina namba na kikosi, tena mara nyingi ni kikosi alichopewa kibati wala si kile alichofia. Jina limo kwenye orodha zilizoanza kutunzwa Berlin mwaka 1939, ambazo sasa ziko chini ya Hifadhi ya Nyaraka ya Shirikisho la Ujerumani. Vingi ni vya zinki, na siki huila zinki! Ukifuta tarakimu mbili umemfuta mtu. Askari wa Urusi ya Kisovieti walipewa kichupa kidogo cheusi chenye karatasi ndani, na wengi waliiacha tupu wakiamini kwamba kuijaza ni kujiitia kifo. Kichupa kama hicho kikipatikana kisifunguliwe kwa mikono. Karatasi iliyokaa udongoni miaka themanini husagika ikiguswa. Apewe fundi wa maabara.

Kwa hiyo anayechimba kwenye uwanja wa vita wa zamani kwa mashine ya kutafutia chuma, akaokota kibati kizima na kuondoka nacho, amekitenganisha na mifupa iliyoko chini yake. Wakija wafukuaji rasmi baadaye, watamkuta mtu asiye na jina, na jina lake liko kwenye kisanduku cha mtu mwingine likisubiri bei ipande. Mimi huo nauita wizi, hata kama sheria ya mahali fulani haiuiti hivyo. Kipatikanacho udongoni kiachwe pale pale, kipigwe picha, mamlaka ijulishwe.

Sisi wasomaji wa Kiswahili tuna sababu yetu ya kulijali jambo hili. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, waliokufa kwa ajili ya Vita Kuu ya Kwanza hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa wa Afrika Mashariki na Misri, na wapagazi ni wengi humo. Ninapoona jina au namba ya mtu bado inasomeka juu ya kipande cha chuma, nawafikiria hao.

Kibati changu hakiko kwangu tena. Nilimwandikia binti wa yule askari barua fupi, nikamweleza nilicho nacho, nikamwambia kwamba sihitaji malipo na kwamba asipotaka kujibu nitaelewa, kwa maana si kila familia inapenda vita virudi mlangoni. Alijibu baada ya wiki sita. Aliuliza jambo moja tu: kama kimepinda upande wa kushoto, kwa sababu akiwa mtoto alikuwa akikitafuna.

Sasa narudi kwenye picha mliyochapisha. Haionekani vizuri, lakini nimeona T42 43, na mstari wa tatu una jina la mwanamke. Vibati vya Marekani vya kabla ya katikati ya 1943 vilibeba jina la ndugu wa karibu pamoja na anwani yake, baadaye jina hilo na anwani vikaondolewa. Maana yake, msomaji wenu ana kitu ambacho mimi sikuwa nacho: mtaa na mji. Kama siki bado haijaingia, tafadhali mwambieni apige picha pande zote mbili kwa taa ya ubavuni, kisha afungue sensa ya 1940 kwenye mtaa huo na amtafute mwanamke yule.

Msomaji wenu